Siku Ilipozama Meli ya Katani

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza kwa njia yake nini kilinipata Marekani, na kila mmoja nimempa jibu fupi lisilo la kweli. Mmoja nilimwambia baridi. Mwingine nilimwambia uchovu wa ndege. Ukweli ni kwamba nilikwenda kuchukua kanda moja ya kaseti, nilirudi nayo, na kitabu changu ambacho nyote mlikuwa mkikingoja hakitatoka mwaka huu. Nimeona bora niyaandike yote kwa utaratibu kuliko kuendelea kuyagawa vipande vipande barazani.

Kwa asiyelijua jambo lenyewe nitalieleza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, meli ya mizigo iliyosheheni katani na chai iliondoka Tanga kuelekea kusini. Siku chache baadaye, katika mkondo wa Msumbiji, nyambizi ya adui iliipiga kwa makombora mawili, ikazama kwa muda usiofika robo saa. Mashua mbili za kuokolea watu zilifika pwani. Nyingine hazikuonekana tena. Maofisa waliookoka waliandikwa kwa majina. Mabaharia wa kwetu waliookoka waliandikwa kwa idadi tu. Lakini orodha ya siku ya kuondoka ilikuwa na majina ya wote, na katika mstari wa kumi na saba, mbele ya neno la mchochea makaa, lilikuwapo jina la babu yangu mzaa baba, Athumani bin Bakari. Babu nilimjua mimi mwenyewe. Alifariki mzee, kitandani mwake. Kwa hiyo aliokoka. Katika hesabu hii sikuona mwanya wowote, na juu yake nilijenga kazi ya miaka kumi na minane.

Zuhura ni binti ami yangu. Alimuuguza babu miaka yake minne ya mwisho, mimi nikiwa kazini Dar es Salaam na kuja Tanga sikukuu kwa sikukuu. Babu hakuwahi kunisimulia habari ya meli hata siku moja. Lakini karibu na kufa kwake alimwita Zuhura, si mimi, akamwambia awashe redio ya kaseti arekodi. Kisha Zuhura akahamia Marekani kwa kazi ya uuguzi, kanda akaenda nayo. Nilipomwomba anitumie alijibu kwamba babu ameagiza niisikilize nikiwa nimekaa mbele yake. Nikaona anaringa. Yeye naye, kwa miaka tisa, kila tulipozungumza kwa simu aliniuliza, "Kaka, siku meli ilipozama unaijua kwa hakika?" Nami nilimjibu, "Ninaijua. Kitabu kikitoka utaisoma." Siku hiyo niliipata kwa kulinganisha daftari tatu zilizopingana, na sikuona sababu ya kumpa bure mtu aliyeikalia sauti ya babu yangu. Nasema babu yangu. Ni babu yake pia, lakini moyoni siku zote nilisema hivyo.

Chicago: kungoja

Safari hadi Chicago haina la kusimuliwa, isipokuwa kwamba nilikaa katikati ya watu wawili waliolala kabla ndege haijaruka na wakaamka ilipokwisha kutua. Chicago ndipo nilipokwama. Theluji ilikuwa imefunga njia ya Minneapolis, na ubao wa ndege ulibadilisha saa yetu mara sita. Nilinunua mkate uliojazwa nyama ya bata mzinga, baridi kama bati la alfajiri, nikala nusu nzima nikidhani wamesahau kuupasha moto, kisha nikaona kila mtu anakula wake vivyo hivyo.

Kando yangu alikaa bibi mmoja Mmarekani aliyekuwa akifuma soksi. Alinigawia biskuti za tangawizi kutoka kwenye kopo lililowahi kuwa la kahawa, akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nilimweleza habari ya meli na ya babu kwa ukamilifu, kama ninavyowaeleza wanafunzi. Alisikiliza hadi mwisho bila kukosa uzi hata mmoja.

"Na yeye babu yako alisemaje?" aliuliza.

"Hakusema kitu."

"Basi nani alikuambia?"

"Orodha ya mabaharia," nilijibu.

"Aa," alisema, akanisogezea kopo. Nilimwona mtu asiyeelewa namna historia inavyofanyiwa kazi. Nikachukua biskuti.

Kutoka uwanjani hadi Woodbury

Zuhura hakuja kunipokea. Alikuwa zamu hospitalini na wenzake wa zamu iliyofuata hawakuweza kutoka majumbani kwa theluji. Alimtuma jirani yake, mtu wa Bukavu aitwaye Papa Espoir, mwenye koti lililomfika kwenye visigino na sauti ya mwimbaji wa kwaya, na kweli ni mwimbaji wa kwaya.

"Papa Profesa, karibu sana! Mama Salma iko ku kazi, alinituma miye." Mama Salma ndiye Zuhura, Salma ni binti yake. "Habari ya ile bateau, ile meli, tunaijua yote, vraiment, kweli. Mama Salma anatusimuliaka."

"Anawasimulia nini?"

"Ile bateau ya babu yenu! Vile ilizama. Siku ya kula pamoja anasimulia, hata batoto banalia."

Nilitazama nje ya dirisha. Miaka kumi na minane nimeomba ruhusa ya kuingia katika hifadhi za nyaraka za nchi tatu, nimesoma maandishi yaliyoliwa na mchwa kwa kioo cha kukuzia, na hapa watu wanapewa meli yangu pamoja na wali.

Tulipita ziwa kubwa jeupe. Juu yake, mbali na ukingo, vilisimama vibanda vidogo vingi vya mbao, na kando ya kila kibanda gari. Watu wachache walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, wameinamisha vichwa, wakitazama chini bila kusema. Nilivua kofia. Nikamwomba Papa Espoir apunguze mwendo.

"Kuna nini, Papa?"

"Watu wangapi wamezama?" nilimuuliza kwa sauti ya chini.

Alinitazama, akalitazama ziwa, akalazimika kuegesha gari pembeni kwa kucheka. "Hapana, Papa! Banavua samaki! Banatoboa barafu, banatia ndoano mu tundu, banakaa ndani banakunywa kahawa. Hakuna mwenye amekufa!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Mama Salma atafurahi! Mwaka ule alifika, na yeye aliuliza vile vile."

Hata kosa hilo Zuhura alikuwa amenitangulia kulifanya.

Woodbury

Nyumba ya Zuhura iko kitongoji hiki cha Woodbury, nayo ni mpya, katika mtaa ambao nyumba zake zote zimefanana hivi kwamba siku ya pili nilijaribu ufunguo kwenye mlango wa jirani. Ndani kuna joto kama la Tanga mwezi wa pili. Kwenye ukuta wa sebule, ndani ya fremu ya kioo, imetundikwa kofia ya babu, ile ya vito, ya kushonwa kwa mkono, iliyochakaa ukingoni upande wa kulia kwa sababu alikuwa na desturi ya kuishika akifikiri. Mimi sina kitu chake hata kimoja. Nilisimama mbele ya fremu ile muda mrefu, nami nikiwa bado na koti.

Salma, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alinielekeza chumba changu. Nilimsemesha Kiswahili, naye alikielewa chote na kujibu chote kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu anayerudisha chenji. Nilimuuliza kama anajua kofia ile ni ya nani. Alisema ni ya mzee aliyekuwa akimwimbia mama yake. Sikujua kwamba babu aliimba.

Kwa siku mbili Zuhura hakurudi. Nililishwa wali wa nazi ya kopo, samaki wa ziwani aliyepakwa ukwaju, na kile chakula cha viazi, maharage na jibini ambacho mama wa nyumba ya pili alikileta kwenye bakuli la bati lililofunikwa, bila kueleza, baada ya kunisaidia kurudi kwenye mlango wangu. Siku ya pili ya kungoja nilifanya jambo nisiloweza kulipamba. Nilifungua kabati lisilo langu. Kanda ilikuwa kwenye droo ya chini, ndani ya mfuko wa kitambaa, na juu yake maneno mawili kwa mwandiko wa Zuhura: "Babu. Haji." Haji ni mimi. Nikaitafuta redio ya kuichezea nyumba nzima, mpaka Salma akanikuta nimepiga magoti mbele ya mashine ya kufulia. Akakitazama kile kitu mkononi mwangu, akauliza kinatumika kufanya nini.

Zuhura aliporudi, uso umemvimba kwa usingizi, alinikumbatia, akanitazama, akasema, "Umeipata, eh? Salma kanambia. Kaka Haji, hata viatu vyako vya shule ulikuwa ukiniibia hivyo hivyo."

"Vilikuwa vyangu."

"Vilikuwa vyako, babu akanipa mimi." Akacheka. "Tutaisikiliza pamoja. Nipe siku mbili nipumzike. Papa Espoir ana redio ya zamani, iko kanisani mpaka Jumatatu, ndipo ataileta."

Savage

Siku iliyofuata barabara zilikuwa zimeparuliwa, na Zuhura akasema kuna mahali anataka nipaone. Tuliendesha hadi Savage, kitongoji cha maghala na marundo ya chumvi kando ya mto. Mto wenyewe ulikuwa umeganda pembeni na katikati mweusi, mwembamba. Mtu mwenye nguvu angeweza kurusha jiwe likafika ng'ambo.

"Hapa," alisema, "wakati wa vita ile ile, walijenga meli. Meli za baharini, kaka. Za kubeba mafuta. Walizishusha mto huu mpaka mto mkubwa, mpaka bahari."

Sikulijua hilo. Mimi ninayejua unene wa mabati ya Meli ya Katani na idadi ya matanuri yake sikujua kwamba katikati ya bara, mwendo wa siku nyingi kutoka maji ya chumvi, watu wa mashambani walifunzwa kuchomelea meli za vita.

"Umelijuaje?"

"Mgonjwa wangu mmoja. Mama yake alikuwa mchomeleaji hapa. Nilimsimulia ya kwetu, naye akanisimulia ya kwao."

Hivyo ndivyo anavyopata mambo: anampangusa mtu uso, mtu anamwambia. Hisia iliyonijia sikuiita kwa jina lake.

Tulisimama tukitoa pumzi nyeupe. Kisha akasema, "Kaka, nina maombi mawili. La kwanza, ile siku. Siku meli ilipozama. Niambie."

"Kitabu kiko kwa mpiga chapa."

"Sitaki kitabu. Nataka siku."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu anaihitaji. Nikikwambia ni nani itabidi nikwambie yote, na yote nimekatazwa kukwambia mpaka usikie kanda. Ndiyo maana la pili: Jumapili usihutubie. Waambie una mafua. Sikiliza kanda kwanza, ndipo uhutubie."

Jumuiya ya Watanzania wa Minneapolis na mji pacha wake ilikuwa imenialika kuzungumza Jumapili juu ya babu na meli. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile mtu kuniomba mimi, na si Zuhura, kuisimulia.

"Sasa nimeelewa," nilimwambia. "Umezoea kuisimulia wewe. Unaona wivu."

Alifuta barafu kwenye kioo cha gari kwa mkono wa koti, upande wangu kwanza, kisha wake.

Frogtown

Hotuba ilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha mgahawa mmoja mtaa wa Frogtown, katika barabara ya University, kati ya duka la vitambaa vya Kiafrika na mahali panapouzwa supu ya tambi ya Kivietinamu, ambayo ndiyo chakula bora nilichokila safari nzima. Walikuwapo watu wapatao hamsini: Watanzania wengi, Wakenya kadhaa, na safu nzima ya Wakongomani walioletwa na Papa Espoir. Mwenyekiti alinitambulisha kwa jina lililo kwenye vyeti vyangu, Profesa Shabani.

Papa Espoir aliinama sikioni kwangu. "Mama Salma anakuita Haji. Uko na majina mbili?"

"Ni habari ndefu," nilimjibu, nikasimama.

Nilizungumza vizuri. Nalisema bila majivuno kwa sababu ndilo lililo baya. Niliwaingiza chumba cha matanuri, nikawasikizisha kishindo cha kombora la kwanza, nikampandisha babu ngazi ya chuma gizani huku maji yakimfuata, nikamtupa baharini, nikamshikiza robota la katani linaloelea. Robota lile lilitoka katika taarifa ya ofisa mmoja aliyeokoka. Mikono iliyolishika niliiweka mimi. Nilieleza kwa nini hakurudi tena kazi ya baharini: hofu ya maji. Katika kitabu hofu hiyo ina kurasa tatu.

Mkenya mmoja kijana aliinua mkono. "Prof, swali dogo tu. Huyu babu yako mwenyewe ali-confirm hii story, ama ni ma-document tu?"

"Kimya cha mtu aliyenusurika," nilimjibu, "ni ushahidi kamili."

Walipiga makofi. Mama mmoja alipangusa macho. Kisha sauti ya mtu nyuma ikasema, "Mama Salma, na wewe tusimulie, ile yako!"

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Leo si siku yangu," alisema, akaanza kugawa chai. Aliponifikia alinipa kikombe changu bila kunitazama, nami nikanywa, na chai ile, Mungu anisamehe, niliiona tamu kweli.

Woodbury tena: kanda

Jumatatu asubuhi Papa Espoir alileta redio aliyochezea nyimbo za kwaya, akaiweka mezani, akaaga. Zuhura alinikalisha kwenye kiti, akavuta chake hata magoti yetu yakakaribia kugusana. Akabonyeza.

Kwanza kulikuwa na kikohozi. Kisha:

"Zuhura mwanangu, yaenda hiyo? Haya. Mimi meli ile sikuipanda."

Nilinyosha mkono kuisimamisha. Zuhura aliushika mkono wangu akauweka gotini kwangu.

"Watu wasema Athumani kaokoka. Sikuokoka na kitu. Nilikuwa nyumbani, mke wangu kashikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza. Omari Kombo wa Pangani alikuwa akitafuta kazi, kipande cha kazi chenye jina hana. Nikampa changu. Nikamwambia safari moja tu, ukirudi unirejeshee. Nyapara alihesabu vichwa, nyuso hakuzitazama, ndivyo ilivyokuwa siku zote. Omari kaenda kwa jina langu, na kwa jina langu kazama. Kaacha mtoto wa kike, mchanga, Mwanahawa. Sikwenda Pangani kusema. Watu wa bandarini wakaja kunipa mkono, hongera Athumani. Siku ya kwanza nilinyamaza kwa haya. Ya pili nilinyamaza kwa sababu ya ile ya kwanza."

Kikohozi tena, na sauti ya Zuhura, ya msichana, ikimwambia anywe maji.

"Haji asiambiwe kwa simu. Haji tangu mdogo aniona mimi simba. Akiambiwa awe amekaa, nawe uwe karibu yake. Wewe nakwambia kwa kuwa umenisafisha choo, sina la kukuficha tena. Yeye nilitaka abaki akiniona vile vile, japo kidogo. Zima sasa."

Kanda iliendelea kuzunguka tupu. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa siku zile alikuwa baba yangu.

Kwa uaminifu wa masimulizi haya lazima niseme wazo langu la kwanza. Halikuwa Omari Kombo. Lilikuwa mstari wa kumi na saba.

"Lakini orodha," nilisema. "Orodha ilikuwa na jina lake."

"Orodha!" Zuhura alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike niliona amekasirika. "Kaka Haji, vyeti vyako vina jina la nani?"

Ninyi nyote mnajua jibu. Nilipofeli darasa la saba, baba alinipeleka shule ya Muheza, nikakaa katika nafasi ya mtoto aliyekuwa ameacha shule, jina lake likiwa bado kwenye daftari. Yeye ndiye Shabani. Mwalimu aliita Shabani, nikaitika. Nikafaulu kwa jina lake, na kwa jina lake nimesoma hadi shahada ya mwisho. Nusu ya watu wa rika letu mnamfahamu mtu aliyefanya hivyo, na wengine mnamfahamu sana. Mimi niliyeitika jina la mtu mwingine tangu utoto ndiye niliyeapa mbele ya watu hamsini kwamba jina likiwa kwenye daftari, mwenye jina alikuwapo.

"Kwa nini hukunizuia?" nilimuuliza.

"Nilikuzuia Savage."

"Na unachowasimulia hawa kwenye karamu ni nini?"

"Kwamba meli ilizama, na kwamba kulikuwa na mtu kutoka kwetu ambaye mke na mtoto walimngoja. Simtaji jina. Wanadhani ni babu. Sijawahi kusema ni babu."

Nilikuwa nimemwonea wivu kwa kuambiwa. Kumbe babu alimwambia yeye kwa sababu mbele yake hakuwa na heshima ya kulinda, na mimi alininyima kwa sababu mbele yangu alikuwa nayo. Mnaweza kufikiri jambo hilo lilinituliza. Lilinipa wivu mwingine: yeye alimjua mtu, mimi nilipewa simba.

Jioni ile nilimwandikia mpiga chapa asimamishe kazi. Kisha nilimwambia Zuhura, "Kama huyo Mwanahawa yu hai, nitakwenda mimi kumwambia. Hili niachie mimi."

Alinitazama kwa makini, kama anayepima kama mgonjwa anaweza kusimama. "Nenda, kaka," alisema. "Na hilo faili lako nenda nalo."

Pangani

Ya ndege za kurudi sina la kusema. Katika zote mbili nilikuwa nikiyatunga maneno ya kumwambia Bi Mwanahawa. Niliyaandika, nikayakata, nikayaandika tena. Mtoto mchanga wa kwenye kanda sasa ni mwanamke wa zaidi ya miaka themanini, mrefu, mwenye kucha zilizopakwa hina mpya, na nilipobisha hodi alikuwa ameketi sebuleni akichambua mchele.

"Ndiye wewe Haji," alisema kabla sijajitambulisha. "Zuhura kanambia utakuja na faili. Kaa. Ule kwanza."

Nililetewa mkate wa kumimina na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Nilikula kipande kimoja, nikaweka sahani chini, nikaanza. "Bi Mwanahawa, nimekuja kukuletea habari za marehemu baba yako, ambazo kwa kosa la familia yangu..."

"Hayo nayajua mwaka wa tisa huu," alisema, akipeperusha makapi. "Zuhura kanisikizisha kanda kwa simu. Nililia, nikanyamaza, babu yako nikamsamehe. Walikuwa vijana. Mimi sina neno naye."

Nilibaki na maneno yangu yote ya ndege mbili.

"Nililomtuma Zuhura ni moja tu," aliendelea. "Siku. Baba twamsomea hitma kila mwaka, lakini twabahatisha. Mama yangu alikuwa akisoma mwezi wa mfungo sita, shangazi akisema si huo. Kafa bila kaburi, na siku nayo hana? Zuhura akanambia siku anayo kaka yake, lakini ni mtu wa kitabu, mpaka kitabu kitoke." Aliweka ungo chini. "Nikamwambia mwambie afanye upesi, mimi sina miaka mingi ya kungoja kitabu."

Mara ngapi Zuhura aliniuliza kwa miaka tisa? Sikukuu mbili kila mwaka, na simu za katikati. Na kila mara nilijibu kwa sauti ile ile.

Nilifungua faili. Nikampa siku, mwezi na mwaka. Nikampa na tarehe ya mwezi wa Kiislamu, niliyokuwa nimeihesabu zamani kwa ajili ya tanbihi. Nikamweleza kwa nini daftari mbili kati ya tatu zilikosea na kwa nini hii ya tatu ndiyo ya kuaminiwa. Nikamwambia ilikuwa baada ya alasiri, jua likiwa bado juu, bahari shwari. Hakunikatiza. Ilikuwa mara ya kwanza, katika miaka yote ya kazi hii, mtu kunisikiliza hivyo. Nilipomaliza alinitaka nirudie tarehe ya Kiislamu, akairudia yeye, akamwita mjukuu wake aiandike kwenye kalenda ya ukutani.

"Siku kumi na moja zimebaki," alisema mjukuu.

"Basi mgeni hatoki," alisema Bi Mwanahawa.

Ndiyo maana nilichelewa kurudi kwenu. Hitma ilisomwa siku yake, alasiri, na msomaji alilitaja jina la Omari bin Kombo kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Zuhura alikuwa kwenye simu tangu mwanzo, kwake ikiwa asubuhi. Mimi ndiye niliyeishika simu hiyo, mkono umenyooka kuelekea kwa wasomaji, hadi bega likafa ganzi. Nilikuwa nimekusudia, tukimaliza, niseme naye mwenyewe, nimpe ile siku kwa kinywa changu, kama alivyoniomba. Lakini dua ilipokwisha tu Bi Mwanahawa aliichukua simu mkononi mwangu, akageuka ukutani, na wale wawili wakaanza kuzungumza haraka haraka na kucheka, kama watu waliozoeana miaka tisa. Nami nilikaa pembeni na faili langu, nikingoja waniambie wanacheka nini.